Batmobile, Eleanor, DeLorean au Ferrari ya kuiga: linganisha haki kabla ya kujenga gari la sinema

Mtu anayetaka gari la kuiga kama lile aliloliona kwenye sinema huanza kwa kuuliza bei ya bodi ya faibaglasi, aina ya injini na mahali pa kupata taa za nyuma zinazofanana na zile za asili. Swali la nani anamiliki sura ya gari hilo huja mwisho, na mara nyingi huletwa na barua ya wakili, wakati rangi imeshapulizwa na fedha zimeshatumika. Makala haya yanalitanguliza swali hilo. Yanalinganisha magari manne ambayo mafundi na wapenzi wa magari huyaiga sana, na ambayo kila moja limezua kesi nchini Marekani kwa sababu yake: Batmobile la shujaa Batman, Eleanor la filamu ya Gone in 60 Seconds, DeLorean ya kusafiri katika wakati ya filamu za Back to the Future, na Ferrari zilizopata umaarufu katika mfululizo wa televisheni wa Miami Vice. Sikusudii kumkatisha mtu tamaa. Nataka achague akijua atakutana na haki ya aina gani, iliyo mikononi mwa nani, na njia gani halali imebaki wazi kwake.

Mambo manne ya kupima

La kwanza ni aina ya haki. Kwa sheria ya Marekani gari ni chombo cha matumizi, na umbo la jumla la chombo cha matumizi halipati hakimiliki. Aliyebuni bodi mpya anaweza kupewa hataza ya umbo, ambayo kwa maombi yaliyowasilishwa tangu Mei 2015 hudumu miaka 15, na ikiisha umbo hilo linakuwa la wote. Kama mambo yangeishia hapo, kuiga gari la miaka ya 1960 kusingekuwa na kikwazo chochote. Sinema na biashara huongeza tabaka nyingine mbili. Gari linaweza kuhesabiwa kuwa mhusika wa hadithi, na mhusika hulindwa kwa hakimiliki kama vile anavyolindwa shujaa anayeliendesha. Vilevile jina la gari, nembo yake na hata mwonekano wake vinaweza kulindwa kama alama ya biashara, ambayo haina tarehe ya mwisho maadamu mwenyewe anaendelea kuitumia.

La pili ni kile ambacho mahakama zimekwisha kuamua, kwa sababu hukumu iliyotolewa juu ya gari lilelile unalolitaka ina uzito kuliko maoni ya jumla. La tatu ni kile unachokusudia kulifanyia gari hilo. Alama ya biashara hulinda soko, kwa hiyo mtu anayejenga gari moja na kuliweka nyumbani hagusani nayo sana. Hakimiliki ni jambo jingine: inahusu kule kutengeneza nakala kwenyewe, na sheria ya Marekani haisemi popote kwamba nakala ni halali kwa kuwa tu haiuzwi. Tofauti hii ndogo ndiyo inayowaponza wengi, kwani husikia kwamba kwa matumizi binafsi hakuna tatizo, wakaichukua kauli hiyo kuwa kinga kwa gari lolote.

La nne ni njia halali iliyopo: leseni, gari halisi lililobadilishwa, au gari linalofanana kwa mbali bila kubeba vitambulisho vya lile la sinema. Kiasi cha hatari nacho kikumbukwe. Kwa hakimiliki, mahakama ya Marekani inaweza kutoza fidia ya kisheria kati ya dola 750 na dola 30,000 kwa kila kazi iliyoigwa, na kufikia dola 150,000 ikiwa mtu alifanya kwa kujua. Kwa alama ya biashara iliyoghushiwa kwa makusudi, kiwango cha juu ni dola milioni 2 kwa kila alama kwa kila aina ya bidhaa.

Batmobile: gari lililohukumiwa kuwa mhusika

Katika magari yote manne, hili ndilo ambalo sheria yake iko wazi kupita mengine, na uwazi huo uko upande wa mwenye haki. Fundi Mark Towle wa California, kupitia karakana yake iliyoitwa Gotham Garage, alikuwa akitengeneza na kuuza nakala za Batmobile mbili: ile ya mfululizo wa televisheni wa 1966 na ile ya filamu ya 1989. Bei ilikuwa takriban dola 90,000 kwa gari. Kampuni ya DC Comics, wachapishaji wa katuni za Batman, ilimshtaki mwaka 2011, ikashinda katika mahakama ya wilaya mwaka 2013, na tarehe 23 Septemba 2015 Mahakama ya Rufaa ya Shirikisho ya Kanda ya Tisa ikaithibitisha hukumu hiyo. Mwaka uliofuata Mahakama ya Juu ya Marekani ilikataa kuisikiliza rufaa yake.

Umuhimu wa uamuzi huo uko katika kipimo cha hatua tatu kilichowekwa. Mhusika anayelindwa lazima awe na sifa za mwili na za dhana, si wazo tu. Lazima awe amechorwa kwa ukamilifu kiasi cha kutambulika kuwa yuleyule kila anapotokea. Na lazima awe wa kipekee, mwenye vipengele vya ubunifu visivyo vya kawaida. Batmobile ilipita hatua zote. Towle alijitetea kwamba gari hilo limebadilika mno tangu lilipotokea kwenye vitabu vya katuni mwaka 1941, kwamba lile la 1966 halifanani na lile la 1989, na kwamba kwa hiyo hakuna mhusika mmoja wa kulindwa. Mahakama haikukubali. Ilisema mhusika anaweza kubadili mavazi na bado akabaki yeye, na kwamba kila Batmobile ni gari la kupambana na uhalifu, lenye silaha na zana zilizo mbele ya wakati wake, lenye sura ya popo, na lenye uaminifu kwa mmiliki wake mmoja. Kwa kuwa ni mhusika, hoja ya kwamba gari ni chombo cha matumizi haikumsaidia.

Jambo jingine katika kesi hiyo linastahili kutazamwa kwa karibu, kwa sababu huwachanganya hata watu wazoefu. Gari la 1966 lilijengwa na George Barris kutoka kwenye Lincoln Futura, gari la maonyesho la mwaka 1955, na lilibaki mali yake kwa miongo kadhaa hadi alipoliuza kwenye mnada Januari 2013 kwa zaidi ya dola milioni 4.6. Barris alimiliki chuma, vioo na injini. Hakummiliki mhusika. Aliyelinunua naye alipata chuma, vioo na injini, na hati yake ya umiliki haimpi ruhusa ya kutoa kalibu ya bodi na kuanza kuuza nakala. Anayefikiri atasubiri muda uishe naye apige hesabu vizuri: ubunifu wa kipindi kilichotoka mwaka 1966 hulindwa kwa miaka 95, yaani hadi mwisho wa 2061.

Kwa upande wa alama ya biashara, jina na nembo ya popo ni vya DC, na Towle alivitumia kutangaza magari yake. Alidai kwamba DC ilichelewa mno kushtaki. Mahakama ilijibu kwamba aliyeiga kwa kujua hawezi kujificha nyuma ya ucheleweshaji wa mwenye haki.

Njia halali ipo, nayo ni ghali. Karakana ya Fiberglass Freaks iliyoko Logansport, Indiana, imetengeneza nakala za gari la 1966 kwa leseni ya DC. Gari la filamu za miaka ya 2000, lile linalofanana na kifaru cha kivita, lilitangazwa pia kwa leseni ya Warner Bros., watengenezaji wa filamu hizo, kwa idadi ya magari 10 tu, kwa bei ya karibu dola milioni 3 kila moja, nayo hayaruhusiwi barabarani. Kwa hiyo Batmobile linamfaa mkusanyaji mwenye fedha anayetaka gari lenye karatasi safi, ambalo siku ya kuuza ataweza kulitangaza kwa jina lake bila woga. Kwa fundi anayetaka kujenga kwa mikono yake mwenyewe na kurudisha gharama kwa kuuza, ndilo gari lenye hatari kubwa kuliko yote yaliyomo humu.

Eleanor: gari lililoonekana kuwa kifaa tu

Kesi za Eleanor ni ndefu kuliko filamu zote lilimotokea. Filamu ya kwanza, Gone in 60 Seconds ya mwaka 1974, ilitengenezwa na H. B. Halicki, na humo Eleanor lilikuwa Ford Mustang ya rangi ya njano. Halicki alifariki mwaka 1989 akiwa kazini katika utengenezaji wa mwendelezo wake, na haki zikaangukia mikononi mwa mjane wake, Denice Shakarian Halicki. Filamu ilipotengenezwa upya mwaka 2000, Eleanor liligeuka kuwa Shelby GT500 ya 1967 (aina ya Mustang), ya kijivu yenye mistari myeusi, na hilo ndilo ambalo watu wengi wanalitaka leo. Nakala zilipoanza kuuzwa kwa leseni ya Carroll Shelby, mwenye jina la magari ya Shelby, mjane alikwenda mahakamani. Mwaka 2008 Mahakama ya Rufaa ya Kanda ya Tisa iliirudisha kesi chini ili suala la kama Eleanor ni mhusika lichunguzwe, na mwaka 2009 pande mbili zikapatana.

Mapatano hayo ndiyo yaliyozaa mgogoro wa pili. Yalimzuia Shelby kutumia boneti ya Eleanor na taa za mbele za katikati zilizozama ndani ya grili, na hapo pakabaki swali: je, mambo hayo mawili pekee ndiyo yaliyokatazwa, au sura nzima ya gari? Nimewahi kusimama katika karakana ya fundi mmoja wa Mombasa anayefanya kazi Houston, mbele yetu kukiwa na Mustang ya 1967 iliyokwanguliwa rangi hadi chuma. Boneti ya faibaglasi yenye kivimbe chake ilikuwa imeegemezwa ukutani, na taa mbili za duara zilikuwa bado kwenye boksi. Alipitisha kiganja juu ya ile boneti, akaniuliza, "Kaka, yaani hii peke yake ndiyo yenye kesi?" Lilikuwa swali zuri kuliko alivyodhani, kwa sababu mawakili walilibishania kwa miaka mingi.

Jibu lilitoka Mei 2025. Mahakama ya Rufaa ya Kanda ya Tisa ilitumia kipimo kilekile cha hatua tatu kilichoipa DC ushindi, na Eleanor likaanguka katika hatua zote tatu. Halisemi, halifikiri, halina hisia wala hiari. Linaendeshwa tu na wahusika wa filamu. Halina sura moja inayodumu, kwani katika filamu nne linatokea kama Mustang ya njano na nyeusi, kama Shelby ya kijivu na nyeusi, na hata kama gari lililoliwa na kutu lisilo na rangi. Wala halina upekee, maana magari ya michezo yenye mwendo mkali yamejaa kwenye sinema. Mahakama ilisema gari hilo liko karibu zaidi na kifaa cha kuigizia kuliko mhusika. Kuhusu mkataba, ilikubali kwamba Shelby alizuiwa kutumia boneti na taa zile, si sura nzima.

Naona uamuzi huu ni wa haki. Kama kila gari linalopewa jina katika filamu lingekuwa mhusika, mtengenezaji wa filamu angejipatia umiliki wa umbo ambalo kiwanda chenyewe hakina tena, na mafundi wa magari ya zamani wangeishi kwa hofu. Hata hivyo, uamuzi huo usomwe kwa mipaka yake. Ulihusu hakimiliki ya mhusika na mapatano ya watu wawili. Haukumpa mtu ruhusa ya kuuza gari kwa jina la filamu, kubandika majina ya Shelby, Cobra au GT500 bila leseni ya wenyewe, wala kutumia nembo za Ford kwenye gari ambalo Ford haikulitengeneza.

Kwa hiyo Eleanor linamfaa mtu mwenye Mustang halisi ya zamani anayetaka kuivisha sura ya 2000 kwa ajili ya kuiendesha, kwani Mustang halisi ina haki ya kubeba nembo zake. Linamfaa pia mwenye karakana, kwa sharti kwamba atauza ufundi wake kwa jina lake mwenyewe. Anayetaka jina la Shelby kwenye hati atafute gari lililojengwa kwa leseni ya kampuni ya Shelby. Leseni hizo zimekuwapo, na gari la namna hiyo huhifadhi thamani yake vizuri zaidi.

DeLorean: gari moja, wenye haki wawili

DeLorean lina bahati ambayo hayo mengine hayana: gari halisi bado linapatikana. Kiwanda cha Dunmurry, karibu na Belfast, kilitoa takriban magari 9,000 kati ya 1981 na 1982, yenye bodi ya chuma cha pua kisichopakwa rangi na milango inayofunguka kwenda juu, kabla kampuni haijafilisika. Mtu akinunua gari halisi, jina na nembo vilivyomo viko hapo kihalali, na suala la kuiga bodi halipo kabisa.

Ugumu uko katika kugawanya haki. Jina na nembo za DeLorean Motor Company zinatumiwa na kampuni ya Texas iliyonunua akiba ya vipuri vya kiwanda. Vifaa vya mashine ya wakati, yaani nyaya za nje, matundu ya kutolea moshi nyuma, saa za tarakimu na kile kifaa chenye umbo la herufi Y, ni ubunifu wa filamu za Universal za 1985, 1989 na 1990. John DeLorean mwenyewe aliingia mkataba na Universal mwaka 1989 juu ya mapato ya bidhaa zenye sura ya gari lake. Baada ya kifo chake mwaka 2005, mjane wake na kampuni ya Texas walishtakiana, wakapatana mwaka 2015, wakarudi mahakamani kugombea fedha za mkataba ule wa Universal, na mwaka 2021 Mahakama ya Rufaa ya Kanda ya Tatu ikasema mapatano yalikuwa yamekwisha kulifunga dai la mirathi. Mwaka 2022 kampuni ya Texas nayo iliigeukia NBCUniversal, kampuni mama ya Universal, kudai malipo.

Hizo zilikuwa kesi za wakubwa juu ya mgawo wa fedha, na hakuna hata moja iliyomhusu fundi wa nakala. Funzo lake kwa mnunuzi ni la vitendo. Leseni kutoka upande mmoja haikupi haki za upande wa pili, na muuzaji anayesema gari lake lina leseni aulizwe ni leseni ya nani na kwa kitu gani. Tena, gari lenye vifaa vinavyotambulika vilevile katika filamu tatu liko karibu na Batmobile kuliko lilivyo karibu na Eleanor, ukilipima kwa zile hatua tatu. Hayo ni maoni yangu, si hukumu.

Linamfaa mtu anayetaka gari la kuendesha na kuonyesha, mwenye subira ya kutafuta gari halisi, na anayependa kazi ya nyaya na taa kuliko ya kumwaga faibaglasi. Vifaa vikifungwa kwa skrubu, vinaweza kuondolewa siku ya kuuza, na gari likauzwa kama lilivyotoka kiwandani. Hakuna jingine kati ya haya manne linalompa mwenyewe nafasi ya kurudi nyuma kwa urahisi huo.

Ferrari ya kuiga: hapa anayelindwa ni kiwanda

Gari jeusi lililoonekana katika misimu ya mwanzo ya Miami Vice halikuwa Ferrari. Lilikuwa nakala ya Ferrari ya aina ya Daytona Spyder iliyojengwa juu ya Chevrolet Corvette. Ferrari haikufurahi, gari hilo likalipuliwa kwenye hadithi mwaka 1986, na Testarossa nyeupe za kweli zikachukua nafasi yake. Wakati huohuo mjenzi mmoja, Carl Roberts, alikuwa akiuza bodi za faibaglasi za kuiga magari hayohayo mawili, Daytona Spyder na Testarossa, na kesi yake iliamuliwa na Mahakama ya Rufaa ya Kanda ya Sita mwaka 1991.

Mhusika wala filamu havikutajwa kama msingi wa haki. Ferrari ilisema mwonekano wa magari yake umejulikana kwa umma kiasi kwamba umbo lenyewe linamtambulisha mtengenezaji, na mahakama ikakubali. Roberts alijitetea kwamba wateja wake walijua wananunua nakala, maana gari lake lililokamilika liliuzwa kwa dola 50,000 ilhali Testarossa halisi ilianzia dola 230,000. Mahakama ilijibu kwamba kuchanganyikiwa kunakohesabika si kwa mnunuzi peke yake, bali pia kwa mtu aliye kando ya barabara anayeliona gari likipita na kuamini ni Ferrari. Jaji mmoja kati ya watatu hakukubaliana na wenzake. Na mimi naona kipimo hicho kimenyooshwa sana, kwa sababu kinampa mwenye kiwanda karibu ulinzi wa hataza bila ukomo wa hataza. Lakini ndiyo sheria ambayo Ferrari inaisimamia kwa bidii.

Mwisho wa mambo haujawa sawa kila mahali. Mwaka 2019 mahakama ya Bologna nchini Italia iliitambua Ferrari 250 GTO kuwa kazi ya sanaa inayolindwa, na mwaka 2020 ofisi ya haki za ubunifu ya Umoja wa Ulaya ikaifuta kwa sehemu kubwa alama ya biashara ya umbo la gari hilohilo. Gari moja, bara moja, matokeo mawili.

Leseni ya kuiga Ferrari si kitu cha kutarajia. Anayevutiwa na njia hii ni yule anayetaka gari moja tu la kutumia mwenyewe, kwa bei nafuu, asiyeweka nembo ya farasi wa Ferrari popote kwenye bodi na asiye na mpango wa kuliuza. Kwa biashara, sioni anayefaa kuingia hapa.

Msomaji aliye Afrika Mashariki

Hukumu hizi zote ni za ng'ambo na hazimfungi jaji wa Nairobi wala wa Dar es Salaam. Hata hivyo Kenya ilijiunga na Mkataba wa Berne mwaka 1993 na Tanzania mwaka 1994, kwa hiyo hakimiliki ya kazi ya Kimarekani inalindwa huku bila kuhitaji kusajiliwa. Alama ya biashara hufuata mipaka ya nchi: ni vyema kutafuta katika daftari la alama za biashara la KIPI kwa Kenya au la BRELA kwa Tanzania Bara, ambazo ndizo ofisi za kuzisajili, kabla ya kuipa karakana jina la filamu. Anayefikiria kuagiza gari lenyewe hadi Kenya atakwama kabla hajafika kwenye hakimiliki, kwa kuwa Kenya haisajili magari ya usukani wa kushoto isipokuwa machache ya kazi maalumu, na haipokei magari yaliyotumika yenye umri unaozidi miaka 8. Kujengea juu ya gari lililopo nchini ndiyo njia iliyobaki, na mafundi waliozipamba matatu za Nairobi wanaonyesha kwamba ustadi wa kunyoosha bodi na kupuliza rangi haukosekani.

Uchague vipi kulingana na hali yako

Ikiwa unataka gari moja la kukaa nalo na kuliendesha, bila kulitoza mtu senti, DeLorean halisi au Mustang yenye sura ya Eleanor ndizo zenye hatari ndogo. DeLorean itakugharimu zaidi kulipata. Mustang itakugharimu zaidi kwa kazi ya bodi.

Ikiwa gari litakodishwa kwa harusi, maandamano au matangazo, umeshaingia sokoni, na jina utakaloliandika kwenye bango lina uzito sawa na umbo la gari. Mustang ya zamani inaweza kukodishwa kama Mustang ya zamani. Batmobile haina jina la pili la kulikodishia, kwa hiyo usilikodishe bila leseni iliyoandikwa. Kwa DeLorean, picha ya tangazo inayoonyesha vifaa vya filamu iombewe ruhusa.

Ikiwa una karakana na unataka kujenga magari mengi ya kuuza Marekani, isome kwanza sheria ya 2015 ya watengenezaji wa magari machache, ambayo kanuni zake zilikamilishwa mwaka 2022. Inamruhusu mtengenezaji mdogo kutoa hadi magari 325 kwa mwaka yanayofanana na gari lililotengenezwa angalau miaka 25 iliyopita, lakini inadai awe na leseni ya mwenye umbo, alama au hataza ya gari analoliiga. Maana yake ni kwamba leseni si kinga ya mahakamani tu. Ni sharti la kuanzia kazi. Kwa mtu wa hali hii, kuzungumza na kampuni ya Shelby kuna matumaini kuliko kuzungumza na Ferrari.

Na ikiwa tayari umenunua nakala isiyo na leseni, tenganisha kulitumia na kuliuza. Kanuni inayomruhusu mtu kuuza kitu alichokinunua inahusu nakala iliyotengenezwa kihalali. Kwa nakala iliyotengenezwa bila ruhusa, kuiuza tena nako ni kusambaza. Weka risiti na picha za ujenzi, ondoa nembo zisizo zako, na kabla hujaliweka sokoni mpe wakili wa haki za ubunifu alisome tangazo lako neno kwa neno, hasa kichwa chake.